Tufe, frii throo, shuti ya mbali: swali la projektaili ulipige kwa njia ipi?

Topiki ya projektaili, yaani kitu kilichorushwa hewani, inachanganya watu kwa sababu fomula ziko nyingi na zote ni za kweli. Mwalimu kazitoa ubaoni moja baada ya nyingine, umeziandika kwenye kadaftari kako ka fomula, umezikariri, alafu pepa inakuja na swali la mtu anarusha tufe au anapiga frii throo na hapo hujui ushike ipi, unashika ile inayokuja kichwani kwanza, kalkuleta inatoa namba safi kabisa, na jibu sio.

Kwa hiyo hapa naziweka njia zenyewe kando kwa kando, kwa maswali ya michezo tu maana ndio yanapendwa kutungwa na ndio yamejaa mitego. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: njia ya kugawanya spidi kuwa ya mlalo na ya wima ndiyo ya kuanzia siku zote, fomula ya R, ile ya umbali wa kutua, inatumiwa hovyo kuliko zote, na mlinganyo wa njia ya mpira wanafunzi wengi wanaupita tu wakati kwenye maswali ya kulenga kitu hakuna kinachoushinda. Nishati ni ya kazi moja maalum. Na ukitaka kujua mpira wa kweli uwanjani unafanyaje, kalamu na karatasi havitoshi, fungua spredishiti.

Tuwe na swali moja la kupimia

Mwanamichezo anarusha tufe la wanaume, kilo 7.26. Tufe linaachia mkono likiwa mita 2.1 juu ya ardhi, spidi 14 m/s, pembe nyuzi 40 kutoka mlalo. Chukua g, mchapuko wa graviti, ni 9.8. Linatua umbali gani, na linagonga ardhi kwa spidi gani?

Angalia kwanza hizo kilo 7.26. Bila hewa uzito hauingii popote kwenye hesabu, tufe la kina dada la kilo 4 likirushwa kwa spidi ile ile na pembe ile ile linatua pale pale, kwa hiyo mtunzi akikuwekea kilo kwenye swali la namna hii usihangaike kuitafutia pa kuiweka. Tutaihitaji baadaye kidogo, lakini sio hapa.

Kugawanya: mlalo huku, wima huku

Msingi wake ni wa Galileo, kwamba mwendo wa mlalo na mwendo wa wima kila mmoja unaenda kivyake. Mlalo spidi haibadiliki, wima spidi inapungua 9.8 kila sekunde, na kitu pekee kinachowaunganisha hao wawili ni muda, ukishaupata muda upande mmoja unaupeleka upande wa pili na kazi imeisha.

Spidi ya mlalo ni 14 × kosain 40, inatoka 10.72. Ya wima ni 14 × sain 40, inatoka 9.00. (Kama kosain ya 40 inakupa namba hasi, kama -0.67, kalkuleta yako iko kwenye redian, irudishe kwenye digrii kabla hujaendelea.) Sasa wima: juu ni chanya, chini ni hasi, na ardhi iko mita 2.1 chini ya mkono kwa hiyo y ni -2.1. Unaandika

-2.1 = 9.00t - 4.9t²

Hiyo 4.9 ni nusu ya g na t ni muda. Hiyo ni kwadratiki, unapata t mbili, sekunde 2.046 na sekunde -0.21. Ile hasi watu wanaifuta haraka haraka, ni sawa kuifuta ila ujue ina maana yake: ukiirudisha nyuma ile njia ya tufe kabla halijaachia mkono, huo ndio muda ambao lingekuwa limetokea ardhini. Tunachukua 2.046, tunazidisha na 10.72, tunapata mita 21.94 hivi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haichagui swali. Mtu yuko juu ya ghorofa, yuko kwenye shimo, mpira unagonga ukuta njiani, wanakuuliza spidi baada ya sekunde moja na nusu, wanakuuliza pembe ya kutua, yote inayabeba. Na kila laini unayoandika ina maana ya kitu halisi, kwa hiyo hata ukikosea mwisho msahihishaji anaona ulichokuwa unafanya na maksi za stepu unazipata. Ubaya wake ni urefu. Kwadratiki inakula muda, na ukikosea alama moja tu ya hasi kwenye ile 2.1 unapata umbali mfupi kuliko wa kweli na hakuna kitu kitakachokushtua. Mtu mwenye mkono mwepesi anaimaliza dakika nne, mwenye wasiwasi kumi.

Fomula ya R

R = u² sin2θ / g, u ni spidi ya kurushia na θ ni pembe yake. Hii ndiyo inayopendwa, na naelewa kwa nini, ni laini moja. Tuitumie kwenye tufe letu: 196 × sain 80 ÷ 9.8, jibu mita 19.70.

Kule tulipata 21.94. Zimepotea mita 2.24, na hesabu zote mbili hazina kosa hata moja la kalkuleta.

Zimepotelea wapi? Ile fomula imetengenezwa kwa kuweka y = 0, yaani kitu kimeanzia usawa fulani na kimerudi kwenye usawa ule ule. Kwa tufe, ile mita 19.70 ni pale linapopita likiwa bado mita 2.1 hewani, usawa wa mkono, bado halijagusa chini. Kile kipande cha mwisho cha kushuka fomula haikijui. Na usione mita mbili ni kitu kidogo: rekodi ya dunia ya Randy Barnes ya mita 23.12 ilikaa tangu 1990 mpaka Ryan Crouser alipoivunja 2021, alafu mwaka 2023 Crouser huyo huyo akafika 23.56. Kutoka 23.12 mpaka 23.56 ni sentimita 44. Miaka zaidi ya 30 ya wababe wa dunia imeleta sentimita 44, fomula iliyotumika pasipo pake inakula mara tano ya hapo kwa sekunde moja.

Kuna mtego mwingine unaotoka kwenye fomula hii hii, ile imani kwamba nyuzi 45 ndiyo pembe bora siku zote. sin2θ inakuwa kubwa kabisa kwenye 45, ni kweli, lakini ni kweli ukianza na kumaliza usawa mmoja. Ukianzia juu pembe bora inashuka, na inapatikana kwa tanθ = u / √(u² + 2gh), h ni kimo cha mkono kutoka ardhini. Kwa tufe letu hiyo inatoa nyuzi 42.3 na umbali wa mita 22.00. Kwenye 45 unapata 21.92, kwenye 40 unapata 21.94. Umeona? Kurusha kwa 45 ni kufupi kidogo kuliko kwa 40, na pia ona jinsi tofauti zenyewe zilivyo ndogo, nyuzi tano zinakubadilishia sentimita mbili tu.

Alafu uwanjani warushaji wenyewe wanarusha chini zaidi ya hapo, nyuzi thelathini na kitu, na sababu haipo kwenye fomula yoyote ya hapa. Fomula inadhani u ni ile ile kwa pembe yoyote. Mwili wa binadamu haufanyi hivyo, ukisukuma kilo 7 kwenda juu zaidi sehemu ya nguvu yako inaliwa na uzito wa tufe lenyewe, na bega na kifua vina nguvu zaidi kusukuma kwenda mbele, kwa hiyo pembe ikipanda spidi inashuka. Na kwa kuwa u iko kwenye mraba, ukipoteza spidi kidogo umepoteza umbali mwingi. Nyuzi zinasamehe, spidi haisamehi. Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hiyo chini ya jibu lake ameshaelewa fizikia ya tufe kuliko aliyekariri fomula kumi.

Sasa R inafaa wapi? Mpira wa miguu umepigwa kutoka nyasini ukatua nyasini, gofu kwenye uwanja tambarare, basi. Hata kuruka chini, ule mruko wa mchangani, haifai vizuri, maana katikati ya uzito wa mwili inaanza mtu akiwa amesimama na inaishia akiwa amekaa mchangani miguu mbele, imeshuka. Kabla hujaiandika R jiulize swali moja tu, usawa wa kuanzia na wa kutua ni ule ule? Kama sio, iache.

Mlinganyo wa njia ya mpira

Huu ndio naomba uupe nafasi:

y = x tanθ - gx² / (2u² cos²θ)

Umetokana na ile ile njia ya kugawanya, ila muda umeshatolewa. Unaunganisha moja kwa moja umbali wa mlalo na kimo. Kwa hiyo swali lolote linalokupa sehemu ya kupiga, ringi, mwamba wa goli, ukuta wa mabeki, wavu wa voliboli, alafu halikutajii muda na wala halikuulizi muda, hapa ndipo nyumbani kwake.

Tuchukue frii throo. Kwa vipimo vya FIBA mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka ubao, na katikati ya ringi iko sentimita 37.5 mbele ya ubao, kwa hiyo kutoka mstarini mpaka katikati ya ringi ni mita 4.2 hivi. Ringi iko juu mita 3.05. Mchezaji anaachia mpira kwenye mita 2.05. Basi x ni 4.2 na y ni 1.0. Anahitaji spidi gani akirusha kwa nyuzi 45, kwa 52, kwa 60?

Ukienda kwa kugawanya utakuwa na vitu viwili usivyovijua, u na t, na itabidi uandike milinganyo miwili uondoe t mwenyewe kila mara. Hapa unapanga upya mara moja tu:

u² = gx² / [2cos²θ (x tanθ - y)]

Kwa 45 inatoka 7.35 m/s. Kwa 52 inatoka 7.22. Kwa 60 inatoka 7.42. Yaani 52 ndiyo inayotaka nguvu ndogo kuliko hizo nyingine, na kwa kweli ukitafuta pembe ya spidi ndogo kabisa ni 45 ukijumlisha nusu ya pembe ya kutoka mkononi kwenda kwenye ringi kwa laini iliyonyooka. Hapa pembe hiyo ni ile ambayo tanjenti yake ni 1.0 ÷ 4.2, nyuzi 13.4, nusu yake 6.7, kwa hiyo 51.7. Ona sasa, tufe lilishuka chini ya 45 kwa sababu linatua chini ya mkono, kikapu kinapanda juu ya 45 kwa sababu ringi iko juu ya mkono. Fizikia ile ile, swali linageuka.

Lakini utamu wenyewe haujaisha, njoo kwenye mpira unavyoingia. Mteremko wa njia pale kwenye ringi, ukifanya hesabu zako vizuri, unakuwa -tanθ + 2y/x, u imejifuta yenyewe. Kwa nyuzi 45 ni -1 + 0.476, yaani -0.524, mpira unashuka kwa pembe ya nyuzi 27.7. Kwa 52 unashuka kwa 38.8.

Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira namba 7 ni kama sentimita 24. Mpira unaokuja kwa mshazari hauoni ringi ya duara, unaona yai lililobanwa, na upana wa huo uwazi ni 45 × sain ya pembe ya kushukia. Kwa 38.8 uwazi ni sentimita 28, mpira wa 24 unapita na nafasi inabaki. Kwa 27.7 uwazi ni sentimita 21. Mpira ni mkubwa kuliko uwazi! Maana yake mtupo wa nyuzi 45 kutoka mstari ule hauwezi kuingia safi bila kugusa chuma, hata ulenge vipi, labda ugonge ubao au ringi ikuhurumie. Mpaka wenyewe uko kwenye nyuzi 32 za kushuka, chini ya hapo hakuna suwishi. Ndio maana kocha anakwambia upandishe mpira, na unaona kabisa anachosema kinatoka kwenye laini mbili za hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tano anaziweza.

Jaribu kupata kitu hicho kwa fomula ya R. Haiwezekani, R haijui ringi iko wapi.

Ubaya wa mlinganyo huu: ni mrefu kuukariri, cos² iko chini pamoja na 2 na watu wanasahau mojawapo, na ukiulizwa muda lazima urudi kwenye kugawanya. Alafu kama kinachotafutwa ni pembe yenyewe, geuza 1/cos²θ iwe 1 + tan²θ, inakuwa kwadratiki ya tanθ na unapata pembe mbili, ya chini na ya juu, na zote mbili zinafika. Uwanjani mpira wa chini na mpira wa kupaa ni tofauti kubwa sana, kwa hiyo usitupe jibu la pili bila kulisoma.

Nishati

Hii sina maneno mengi. Lile swali letu la pili, tufe linagonga ardhi kwa spidi gani:

v² = u² + 2gh = 196 + 41.16 = 237.16, v = 15.4 m/s.

Imeisha. Hujagusa pembe, hujagusa kwadratiki. Kwa kugawanya ungetafuta spidi ya wima wakati wa kutua, 11.05, ukaichanganya na 10.72 kwa Paithagorasi, ungefika hapo hapo baada ya laini tano. Kwa hiyo swali likiuliza spidi kwenye kimo fulani, nishati inaizidi njia yoyote. Ila haikwambii mwelekeo, haikwambii muda, haikwambii umbali. Watu wanakosea wanapotafuta kimo cha juu kabisa kwa kuweka spidi nzima ya kule kileleni kuwa sifuri, wakati kule juu tufe bado linaenda mbele kwa 10.72. Tumia ya wima tu: 81 ÷ 19.6 ni mita 4.13, ongeza 2.1 ya mkono, 6.23 kutoka ardhini.

Inapendeza sana pia kwa kuruka kwa upondo. Mtu anakimbia mita 10 kwa sekunde, akiigeuza nishati yote ya mwendo kuwa kimo anapata 100 ÷ 19.6, mita 5.1, na katikati ya mwili wake ilishakuwa kama mita moja juu tayari, jumla 6.1. Sergey Bubka aliruka 6.14 kule Sestriere mwaka 1994. Kwa hesabu ya laini moja hiyo iko karibu mno, na inakuonyesha kwa nini warukaji wa upondo ni watu wa mbio kali kwanza.

Spredishiti, pale hewa inapoingia

Njia zote nne hapo juu zimefuta hewa. Kwa tufe ni sawa kabisa: kwenye 14 m/s ukinzani wa hewa ni kama niutoni 0.7, uzito wake ni niutoni 71, yaani asilimia moja, achana nayo. Kwa mpira wa miguu hali ni nyingine. Mpira una gramu 430 hivi na kifua kipana cha kupokea upepo. Ukipigwa kwa 25 m/s, ukichukua kigawo cha ukinzani 0.25 na hewa ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, hewa inaurudisha nyuma kwa niutoni 3.6 wakati uzito wake ni 4.2. Karibu sawa na graviti! Hapa ndipo kilo zinaporudi kwenye hesabu, kitu chepesi na kipana kinateswa na hewa, kizito na kidogo hakijali.

Goli kiki ya 25 m/s kwa nyuzi 40: fomula ya R inasema mita 62.8. Ukiingiza hewa inatua kwenye mita 40 hivi. Kwenye mtihani andika 62.8 kama wamesema puuza hewa, lakini usimpelekee kocha hiyo namba.

Hiyo 40 hakuna fomula ya mkato ya kuipata, inabidi utembee nayo hatua kwa hatua. Na kutembea kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, Excel ya kwenye simu inatosha. Unaweka safu za t, x, y, spidi ya mlalo na spidi ya wima. Unatafuta k = 0.5 × 1.2 × 0.25 × 0.038 ÷ 0.43, inatoka 0.0133, hiyo 0.038 ni eneo la mpira kwa mita za mraba. Kila laini unapiga spidi nzima v kwa Paithagorasi, mchapuko wa mlalo ni -k × v × spidi ya mlalo, mchapuko wa wima ni -9.8 - k × v × spidi ya wima. Unazidisha na hatua ndogo ya muda, sema sekunde 0.01, unajumlisha kwenye laini inayofuata, alafu unavuta chini mpaka y iwe hasi. Kabla ya kuiamini weka k iwe sifuri kwanza, kama haikupi 62.8 au karibu sana na hapo kuna seli umekosea.

Ubaya wake uko wazi, huiingizi kwenye chumba cha mtihani, na inakupa namba bila kukwambia kwa nini. Ukibadilisha pembe lazima uiendeshe upya. Kile kitu cha u kujifuta kwenye mteremko wa frii throo, spredishiti isingekuonyesha hata siku moja, ungeona tu namba zinajirudia ukabaki unashangaa.

Na hata yenyewe ina mwisho wake. Mpira unaozunguka unasukumwa pembeni, ule mkunjo wa frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997 pale Lyon haupo kwenye safu hizo mpaka uongeze nguvu ya Magnus, na hapo unahitaji kujua mpira unazunguka kwa kasi gani. Mkuki ndio mgumu kuliko wote. Julius Yego alivyorusha 92.72 Beijing mwaka 2015, ukigeuza fomula ya R kwa 45 unapata spidi ya kama 30 m/s, zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kama kadirio sio baya. Lakini mkuki unapaa, hewa inaubeba na pia inauangusha. Mwaka 1984 Uwe Hohn alirusha mita 104.80, viwanja vikaanza kuwa vidogo, na mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukabadilishwa kwa kusogeza katikati ya uzito mbele kwa sentimita 4 ili ncha iinamie chini mapema. Gramu zikabaki 800 zile zile, mikono ya warushaji ile ile, umbali ukapungua. Tafuta kwenye u, θ, h na g mahali pa kuweka hizo sentimita 4, hupati.

Sasa wewe ushike ipi

Mdogo wangu wa kidato cha tano au sita, anza na kugawanya mpaka uwe unaandika zile laini mbili bila kufikiria, maana siku ukisahau fomula zote nyingine yenyewe itakuzalishia. Ukishaiweza ongeza mlinganyo wa njia ya mpira, utakuokoa dakika nyingi kwenye maswali ya kulenga. Nishati iweke karibu kwa yale maswali ya spidi yenye maksi mbili. R iwe ya mwisho kujifunza, hata kama kwenye vitabu inakuja mapema, na kila ukiiandika kando yake andika y = 0 ili ujikumbushe.

Ukikaa kwenye swali soma kwanza muda. Muda umetajwa au umeulizwa? Gawanya. Haupo kabisa na kuna sehemu ya kufika? Mlinganyo wa njia. Wanataka spidi tu na kimo kinajulikana? Nishati. Ukiwa umebaki na dakika, hakiki jibu kwa njia ya pili, kwa mfano ukimaliza kugawanya chukua spidi zako mbili za kutua uone kama zinakupa v ile ile ya nishati, ni laini moja na inakamata kosa la alama ya hasi ambalo vinginevyo usingeliona.

Mwalimu unayeandaa mradi wa darasa, au kocha wa shule mwenye simu inayorekodi slo moshoni, nenda kwenye spredishiti lakini anza na tufe au kikapu na sio mpira wa miguu, kwa sababu kwenye tufe hesabu za karatasi na za hewa zinakaribiana na watoto wanaamini wanachokiona. Rekodi kutoka pembeni, kamera itulie sehemu moja, weka fimbo ya mita moja kwenye picha usawa ule ule anaorushia mtu, alafu hesabu fremu. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa kila nukta sekunde 0.033, kwa tufe la sekunde mbili una nukta 60 za kuchora, zinatosha kabisa kuona kama zile za mlalo zimepangana kwa nafasi sawa.